Elektrodi za stenlesi zinakula volti 2.7 kuzalisha haidrojeni: nianze kurekebisha wapi?

pwani_volti

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaojua elektrolisisi ya maji, hasa habari ya nyuso za elektrodi.

Mtambo ni wa seli moja. Mabamba mawili ya stenlesi 304, kila moja sm 10 kwa sm 10, yametazamana kwa mwanya wa mm 8, katikati kuna kitambaa cha polipropileni kisichofumwa. Elektroliti (kimiminika kinachopitisha umeme) ni KOH, yaani potasiamu haidroksaidi, gramu 50 kwa lita ya maji. Nikipitisha ampea 10, pawa saplai inasoma volti 2.7, joto la seli nyuzi 32. Haidrojeni naikusanya kwenye silinda ya kupimia iliyopinduliwa ndani ya maji: ml 70 kwa dakika.

Baada ya siku mbili tatu elektroliti inageuka njano kama chai ya rangi iliyozimuliwa, na chini inatuama tope la kahawia. Pia nimejaribu kupaka bamba moja nikeli kwa umeme: nimesugua kwa msasa, nikaosha kwa sabuni, nikalitumbukiza kwenye mchanganyiko wa nikeli salfeti kwa ampea 2, nusu saa. Lilitoka linang'aa vizuri, lakini ndani ya seli halikumaliza siku moja. Nikeli ilibanduka vipande vipande kama magamba ya samaki.

Platinamu siiwezi. Swali langu: ninunue bamba za nikeli tupu, au hizi za stenlesi zinaweza kuboreshwa zikafanya kazi ya maana?

Mkemia_Changanyikeni

Mkuu, usiguse uso wa bamba kabla hujajua volti zako zinaishia wapi. Tuzigawe hizo 2.7.

Kuvunja maji kwenyewe kunadai 1.23, na hakuna kichocheo kinachopunguza hiyo. Mkondo wako ni ampea 0.1 kwa kila sm ya mraba. KOH yako hafifu ina upitishaji wa kama simensi 0.2 kwa sm, hivyo mwanya wa sm 0.8 unakula 0.1 × 0.8 ÷ 0.2, yaani volti 0.4 nzima. Ongeza viputo (gesi haipitishi umeme, kila kiputo ni kizuizi), kitambaa na nyaya. Tukivipa vyote 0.2, tumefika 1.83. Zinazobaki, kama 0.87, ndizo zinazoliwa na nyuso mbili, na hapo ndipo kazi ya elektrodi inapoanza.

Kwa hiyo kabla ya kupaka chochote, badili elektroliti iwe asilimia 30 kwa uzito. Vipande vya KOH vya dukani mara nyingi ni asilimia 85 hadi 90, kilichobaki ni unyevu, kwa hiyo pima gramu 350 za vipande kwa gramu 650 za maji. Tia KOH kwenye maji kidogo kidogo, kamwe usimwage maji juu ya KOH, maana yatachemka na kukurukia. Tumia ndoo ya polipropileni, na usithubutu sufuria ya alumini. Punguza mwanya uwe mm 3. Hapo ile 0.4 inashuka hadi kama 0.05. Kila volti moja ya seli ni kWh 26.6 kwa kilo ya haidrojeni, hivyo kutoka 2.7 hadi 2.35 umetoka karibu kWh 72 hadi 62 kwa kilo, na bado uso ni uleule.

Tena, volti ipime kwa maltimita ncha zikigusa mabamba yenyewe. Pawa saplai inakuhesabia na nyaya.

Sasa hizo ml 70. Ampea 10 kwa nyuzi 30 lazima zitoe ml 77 kwa dakika za gesi kavu, na ukikusanya juu ya maji mvuke unaifikisha kama 81. Umepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Pima upande wa oksijeni, unatakiwa kuona kama ml 40. Ukiona zaidi ya hapo, haidrojeni inavuka kitambaa na kuingia kwenye oksijeni, na hiyo ni hatari: haidrojeni ikifika asilimia 4 tu kwenye oksijeni, mchanganyiko unaweza kushika moto. Ukiona pande zote mbili zimepungua kwa kiasi kilekile, una uvujaji. Kitambaa cha polipropileni kikavu hukataa maji na kubaki na matundu ya hewa, basi kiloweke kwenye spiriti, kisha kwenye maji, kisha kwenye KOH, na kisikauke kabla hujafunga seli. Jambo hili lishughulikie kwanza, volti zitasubiri.

Ile rangi ya njano ni kromiamu. Stenlesi ina asilimia kama 18 ya kromiamu, na upande wa anodi (bamba la chanya, linalotoa oksijeni) inayeyuka na kuwa kromati, sumu inayosababisha saratani. Tope la kahawia ni haidroksaidi ya chuma. Vaa glavu, usimwage kwenye sinki wala mtaroni, hifadhi kwenye dumu lenye lebo, na uwaulize Mkemia Mkuu wa Serikali namna ya kuliteketeza. Kwa sababu hiyo 304 tupu haifai kuwa anodi ya kudumu. Ifunikwe nikeli, na ifunikwe sawasawa.

Gerezani86

Nizungumzie magamba ya samaki, maana kosa si la nikeli. Kosa liko kwenye maandalizi.

Stenlesi haipati kutu kwa sababu ya utando mwembamba wa oksaidi ya kromiamu. Ukiukwangua kwa msasa unajirudi wenyewe ndani ya sekunde chache hewani, na sabuni haiuondoi. Ulichofanya ni kupaka nikeli juu ya utando, si juu ya chuma. Inang'aa, lakini haina pa kushika. Viputo vya gesi vikianza kutoka chini yake, vinaibandua.

Fanya hivi. Msasa namba 180, usilainishe hadi ing'ae kama kioo, mikwaruzo inasaidia nikeli kushika. Mafuta yaondoe kwa kostiki soda gramu 50 kwa lita, moto wa nyuzi 60 hadi 70, dakika 10. Suuza, kisha lisimamishe bamba wima na utazame maji yanavyoteremka. Bamba safi linabeba maji kama shuka moja isiyokatika kwa nusu dakika. Ukiona maji yanajikunyata na kuacha pakavu, au yanajikusanya kuwa matone, bado lina mafuta hata kama macho yako yanasema limetakata. Rudia. Kuanzia hapo usiliguse kwa vidole vitupu. Kisha asidi ya haidrokloriki asilimia 15 hadi 20, dakika chache mpaka uone viputo vyembamba sawasawa uso mzima.

Halafu inakuja hatua uliyoiruka, tabaka la kushikiza, ambalo mafundi wa kupaka nikeli hulifanya kwenye mchanganyiko wa Wood. Kwa lita moja: gramu 240 za nikeli kloraidi na ml 120 za asidi ya haidrokloriki kali, ya asilimia 37. Joto la kawaida, bamba likiwa kathodi (upande wa hasi), ampea 5 kwa desimita ya mraba, dakika 3. Asidi inaufuta utando wakati uleule nikeli inapotua, hivyo nikeli inakaa juu ya chuma chenyewe. Bamba lako uso mmoja ni desimita moja ya mraba, kwa hiyo ukiziba mgongo kwa rangi ya kucha unahitaji ampea 5. Ukiuacha wazi, ampea 10.

Toa, suuza haraka, na likiwa bado linachuruzika maji liingize kwenye mchanganyiko wa Watts, ambao Oliver Watts aliutoa mwaka 1916 na hadi leo haujapitwa: nikeli salfeti gramu 280, nikeli kloraidi 45, asidi ya boriki 40 kwa lita, pH 4, nyuzi 50 hadi 55. Ampea 3 kwa desimita ya mraba zinaweka kama mikromita 35 kwa saa. Kwa anodi usiweke chini ya 25, maana tabaka jembamba lina vitundu visivyoonekana na KOH inapenya hadi kwenye stenlesi, basi utaiona njano ileile. Dakika 45 zinatosha. Tikisa bamba au koroga, la sivyo viputo vidogo vinaganda usoni na kila kimoja kinaacha shimo.

Anodi ya kwenye mabeseni yote mawili iwe nikeli tupu. Usiweke stenlesi, kloraidi itaila na kromiamu itaharibu mchanganyiko mzima.

Kabla ya bamba kubwa paka kipande chembamba cha majaribio, kikunje hadi ncha zigusane, kisha kikunjue. Nikeli ikipasuka kwenye mkunjo bila kubanduka, umefaulu. Ikiinuka kwa ukucha, rudi kwenye kuondoa mafuta. Na kazi yote hii iwe mahali penye hewa, kwa miwani na glavu. Moshi wa asidi unachoma mapafu, chumvi za nikeli zinaleta mzio wa ngozi usiopona, na ukungu wake ukivutwa muda mrefu ni hatari ya saratani.

pwani_volti

Asanteni sana wakuu, nimeelewa kosa la utando. Maswali mawili. Nikeli laini inatosha au lazima iwe yenye vitundu? Nimesoma kuhusu kupaka kwa mkondo mkubwa, ampea 1 kwa sm ya mraba, mpaka nikeli iwe kama sifongo. Pili, natumia maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi kwa kuwa hayana chumvi. Ni sawa?

Mkemia_Changanyikeni

Nikeli laini kwenye anodi ni hatua kubwa. Kwenye kathodi inakusaidia kidogo tu kuliko stenlesi. Kinachohesabiwa pale ni eneo halisi ambalo maji yanaligusa. Kwenye nikeli ya kawaida kila ukilizidisha eneo hilo mara 10 unapunguza kama volti 0.12 kwa mkondo uleule. Msasa unazidisha mara mbili au tatu, na ndiyo maana msasa peke yake haukupeleki mbali.

Njia ya sifongo ni ya kweli: gramu 24 za nikeli kloraidi na gramu 107 za amonia kloraidi kwa lita, ampea 1 hadi 2 kwa sm ya mraba, dakika moja hadi tano. Viputo vya haidrojeni vinavyofumka kwa kasi vinakuwa kama kalibu, nikeli inajijenga pembeni mwake. Ila piga hesabu: bamba lako ni sm za mraba 100. Unahitaji ampea 100, na mchanganyiko utachemka. Ifanye kwa kipande cha sm 2 kwa sm 2, ampea 4, ujionee. Tabaka hilo ni dhaifu pia, ukilipangusa kwa kidole linatoka jeusi kama masizi. Linahitaji kurudishwa kwenye Watts kwa mkondo mdogo dakika tano ili lijifunge.

Kwa bamba zima nashauri zinki. Chukua sehemu ya mchanganyiko wa Watts kwenye chombo chake cha pekee, ongeza zinki kloraidi gramu 20 kwa lita, pH 4 hadi 5, nyuzi 50, ampea 5 kwa bamba lako, nusu saa. Zinki ina tabia ya kutangulia nikeli kutua, ndiyo maana kiasi hicho kidogo kinatosha. Utapata tabaka la kijivu lisilong'aa. Liloweke kwenye KOH asilimia 30 yenye nyuzi 50: zinki inayeyuka, viputo vinapanda kama soda iliyofunguliwa, kisha vinapungua saa hadi saa. Vikikoma, kilichobaki ni nikeli iliyojaa mashimo madogo. Ni wazo lilelile la mhandisi Mmarekani Murray Raney, aliyepata hataza yake mwaka 1927 kwa nikeli na alumini. Hapa natarajia upungufu wa volti 0.15 hadi 0.25 kwenye kathodi.

Inaharibika kwa njia tatu. Ukilipaka nene sana, linapasuka zinki inapotoka. Ukiliacha likauke, nikeli hiyo inaungua na oksijeni ya hewani, inapata moto na kupoteza nguvu, basi ikae kwenye maji muda wote. Na ukirudisha mchanganyiko wenye zinki kwenye beseni safi la Watts, bamba zote zinazofuata zitatoka na michirizi myeusi. Usichanganye hata kijiko.

Badilisha elektrodi moja kwa wakati. Kathodi mpya na anodi ya zamani, pima volti kwa ampea 0.5, 1, 2, 5 na 10, dakika tano kila kituo, joto likiwa lilelile. Ukibadilisha zote mbili pamoja hutajua ipi imekusaidia.

Kigamboni_KOH

Naongezea upande wa anodi na hilo la maji.

Nikeli ikiwa anodi inajivika oksihaidroksaidi nyeusi, na hiyo ndiyo inayotoa oksijeni. Kinachoiamsha ni chuma. Mtafiti Corrigan alionyesha mwaka 1987 kwamba hata mabaki kidogo ya chuma kwenye elektroliti yanashusha volti za ziada za oksijeni. Kwa hiyo juu ya nikeli yako laini weka utando wa nikeli na chuma: nikeli naitreti gramu 0.87 na chuma naitreti (ile ya feriki) gramu 1.2 kwa lita ya maji safi. Bamba liwe kathodi, mbele yake nikeli tupu, ampea 0.5, dakika tano. Naitreti inapopokea elektroni inazalisha alkali palepale usoni, na haidroksaidi za metali zote mbili zinaganda. Unatafuta utando mwembamba wa manjano ya kahawia, rangi ambayo bado unaona nikeli chini yake. Ukiona unga unaodondoka, umezidisha muda. Baadaye kwenye seli anza na ampea 1 kwa nusu saa ndipo upandishe.

Chuma hichohicho ni adui wa mwanya mdogo. Kikizidi kwenye KOH kinatua kwenye kathodi kama ukungu mweusi wenye nywele, na kwa mwanya wa mm 3 nywele zinaweza kupenya kitambaa. Fungua seli ukague kila baada ya wiki chache.

Maji ya kiyoyozi sikushauri. Hayana chumvi nyingi, kweli, lakini yamepita kwenye mapezi ya alumini na koili ya shaba yenye vumbi lote la chumba. Metali hizo zinaishia kwenye kathodi yako na kufunika uso ulioutolea jasho. Maji ya kisima ndiyo kabisa usiyaguse, visima vingi vya ukanda wetu wa pwani vina chumvi, na kloraidi inatoboa stenlesi popote nikeli ilipo na kitundu. Nunua maji ya betri yasiyo na madini kwenye kituo cha mafuta, ila soma lebo, maana kwa jina hilohilo watu huuziwa asidi. Ampea 10 zinakunywa gramu 3.4 za maji kwa saa, yaani karibu lita moja kwa saa 300. Kila chumvi inayoingia na lita hiyo inabaki ndani, haiondoki na gesi.

Na KOH: kwa unyevu wa Dar, mfuko ukifunguliwa unalowana ndani ya saa chache na kuanza kula kaboni dayoksaidi ya hewani. Hapo inageuka kabonati, na kabonati inapunguza upitishaji. Hamishia kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana siku unaponunua.

Jambo la mwisho, umeme kukatika. Seli iliyozimwa inabaki kama betri: anodi ina oksaidi, kathodi ina haidrojeni. Ikiwa bado imeungana na pawa saplai inajimwaga kinyume, na ile nikeli ya vitundu inaoksidika. Ukirudia hivyo kila siku, kathodi inakufa polepole. Wengi huweka dayodi, lakini dayodi inakula volti 0.4 hadi 0.7, ndizo zilezile ulizohangaika kuziokoa. Weka rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayoachia yenyewe umeme ukikatika.

pwani_volti

Hili la rilei sikulifikiria kabisa. Swali dogo kwa Gerezani86: nikeli tupu ya kuweka kama anodi ya kupakia naipata wapi? Nimeona vile vipande vyembamba vya kuunganishia betri za lithiamu, muuzaji anasema ni nikeli.

Gerezani86

Vinaweza kuwa nikeli, vinaweza kuwa chuma kilichopakwa nikeli, na kwa macho havitofautiani. Sumaku haikusaidii kwa sababu nikeli nayo inanaswa. Kwaruza kipande pande zote mbili kwa pembe ya msasa mpaka ndani, kiweke kwenye kikombe cha maji ya chumvi usiku kucha. Asubuhi ukiona mstari wa kutu kwenye mkwaruzo, mrudishie. Kikiwa kisafi, nunua vya kutosha kupata eneo angalau sawa na la bamba lako, vifunge pamoja kwa waya wa nikeli, na uvivike mfuko wa kitambaa cha polipropileni ili unga unaodondoka usitue kwenye kazi. Kiungo cha waya wa shaba kibaki juu ya maji. Shaba ikilowa tu, inaingia kwenye beseni na utaiona wekundu pembeni mwa bamba.